Chagua uwanja, usichague rafiki: mwongozo wa mzazi kuhusu makundi rika ya watoto

Saa kumi na moja jioni, Nzuguni, Dodoma. Jua limelegea na upepo umepunguza vumbi. Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja ambacho mwenyewe bado hajajenga, na hapo watoto saba wanacheza rede. Wawili wanarushiana mpira wa soksi. Binti yangu yuko katikati, anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa ya maji. Mpira unampita ubavuni.

"Umekufa!"

"Sijafa, umegusa gauni."

"Gauni nalo mwili."

"Gauni si mwili! Jana wewe uliguswa sketi, tukakuacha."

Kimya. Halafu sauti ya mmoja wa wanaosubiri zamu: "Basi irudiwe." Ikarudiwa. Mimi nilikuwa dirishani na mwiko mkononi, sijasema neno.

Kwa dakika mbili hivi watoto wale walitafsiri sheria, wakatoa ushahidi, wakakumbushana kesi ya jana na kufikia hukumu ambayo kila mtu aliimeza. Nyumbani hawawezi kujifunza hivyo, kwa sababu nyumbani siku zote kuna mtu mwenye neno la mwisho, na mtu huyo ni mimi. Kwenye kundi rika, yaani watoto wa umri unaokaribiana wanaokutana mara kwa mara, hakuna aliyezaliwa na cheo. Ukitaka kusikilizwa, jenga hoja. Ukitaka kuitwa kesho, usiibe leo. Tumezoea kutishia watoto kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na tukisema hivyo tunafikiria jela au mabaa. Kwa mtoto wa miaka minane, ulimwengu ni hao sita wengine waliosimama mchangani.

Msimamo wangu, ambao niliufikia baada ya kukosea, ni kwamba mtoto humchagulii rafiki. Unachoweza kuchagua ni uwanja: mahali, saa, nani wanapita hapo, na mlango wako unafunguka kiasi gani. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya kwanza: jua umri unadai nini

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, aliandika alichokiona kwa watoto wa shule ya awali, wa kati ya miaka miwili na mitano, wakiwa mchezoni. Wadogo zaidi hucheza peke yao au husimama kutazama. Wakisogea kidogo hucheza bega kwa bega, kila mmoja na lake. Baadaye huanza kuazimana vitu, na mwisho hugawana kazi ndani ya mchezo mmoja.

Kwa hiyo ukiwakuta watoto wa miaka miwili wamekaa mchangani, kila mmoja na kopo lake na hawasemeshani, hawajanuniana. Ndivyo wanavyocheza. Kumlazimisha amwachie mwenzake kopo "kwa sababu wewe ni mtoto mzuri" ni kuanzisha kilio bure. Weka makopo mawili.

Wa miaka minne na mitano wako kwenye kibaba na kimama: tope ni ugali, majani ya mwarobaini ni mlenda, na yupo mtoto mmoja anayelazimishwa kila siku kuwa mtoto mchanga. Hapo wanajifunza kuvaa kiatu cha mwingine. Wakikukaribisha kula, lipa kokoto mbili, sifia mboga, ondoka.

Kuanzia darasa la kwanza zinaingia sheria. Mswisi Jean Piaget alikaa chini na wavulana wa kwao akawauliza kuhusu gololi: sheria zimetoka wapi, na zinaweza kubadilishwa? Wadogo walimjibu kwamba zimetoka kwa wakubwa na hazibadiliki. Waliofika miaka kumi au kumi na moja walishajua kwamba sheria ni makubaliano, na wote wakikubali inabadilishwa. Alichapisha hayo mwaka 1932 pia. Katikati ya majibu hayo mawili kuna miaka mitatu minne ya ubishi wa gauni na mwili, na miaka hiyo ndiyo shule yenyewe. Ukiwakatishia ubishi kila siku, umewatoa darasani.

Darasa la tano na kuendelea utaona siri, rafiki mmoja wa chanda na pete, na maneno usiyoyaelewa. Balehe nitaifikia, maana ina mambo yake.

Hatua ya pili: wajue kabla ya kuwahukumu

Chukua wiki moja usitoe amri yoyote kuhusu marafiki. Sikiliza tu. Swali la "ulicheza na nani?" huleta jibu moja, "na wenzangu". Uliza swali lenye hadithi ndani yake: leo nani alilia? Nani alikuwa wa kwanza kuitwa nyumbani? Nani hajui kupoteza? Ukiuliza huku mnachambua mchele au mnakunja nguo, utapata zaidi kuliko ukimkalisha kwenye kochi kama shahidi.

Mwisho wa wiki hesabu makundi, usihesabu marafiki. Kuna kundi la mtaani, la darasani, la kwenye basi la shule, la madrasa au kwaya ya watoto, la binamu zake wa Chamwino au Kongwa mnakokwenda likizo. Mtoto mwenye makundi mawili au matatu yasiyofahamiana ana kinga kubwa: akinuniwa shuleni Jumatatu, jioni bado ana watu. Mwenye kundi moja tu atafanya lolote lisimtoke, hata lile ulilomkataza.

Hatua ya tatu: andaa uwanja

Hii ndiyo kazi halisi ya mzazi, na haina gharama kubwa.

Anza na saa. Dodoma kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa jua halina huruma, na kiangazi vumbi linapanda na upepo. Saa kumi hadi magharibi ndiyo saa ya watoto. Ukiijaza yote tuisheni siku tano za wiki, umemnyima kitu ambacho mwalimu wa tuisheni hawezi kukirudisha. Sisemi tuisheni ni mbaya. Siku mbili zinatosha.

Na hapa nina kinyongo changu nakileta. Zunguka mtaa wowote saa kumi na moja uhesabu. Wavulana wako kwenye chandimu, mpira wa miguu wa mtaani. Wasichana wa rika lao wako bombani na madumu, au wanaosha vyombo na mtoto mgongoni. Halafu tunashangaa msichana akifika sekondari anaogopa kusema mbele ya watu! Gawa madumu sawa, na kazi iishe kabla ya saa kumi.

Kisha mahali. Tembea kwenye uwanja wao kwa miguu yako, ukiinama. Tafuta chupa zilizovunjika, misumari ya mafundi, na mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya vyoo yakaachwa wazi, ambayo mitaa yetu inayojengwa imejaa. Makorongo yana mchanga mzuri na watoto wanayapenda, lakini kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili yawe marufuku bila mjadala. Mvua inaweza kunyesha mbali huko milimani, kwenu pakawa pakavu kabisa, na maji yakaja kwa ghafla. Hii ni sheria moja ambayo watoto hawaruhusiwi kuijadili.

Vifaa: kamba, gololi, matambara ya kutengenezea mpira, chaki. Ndoo ya maji ya kunywa yenye koki, na vikombe, kivulini. Usigawe pipi wala soda kila siku, nyumba itageuka kantini na utaanza kuwahesabu watoto kwa jicho la hasara. Siku moja moja ubuyu au mahindi ya kuchoma, inatosha.

Mwisho geti. Watoto wanaofungiwa tunawaita watoto wa geti kali, na wazazi wengine wanaona fahari. Mtoto wa geti anaongea vizuri na watu wazima, anajua kusema asante, lakini mpeleke kwenye kundi la wenzake kumi uone: hajui kusubiri zamu na hajui kutaniwa, akishindwa anakuja kukuita. Kama unaogopa nje, na kuna mitaa ya kuogopa, basi fungua geti waingie wao. Wewe kaa mahali unaposikia bila kuonekana. Jikoni panafaa sana.

Hatua ya nne: waache wagombane

Kanuni yangu ni kuhesabu hadi mia moja kabla ya kutoka. Mara nyingi nikifika sitini wameshamaliza.

Mambo manne yananitoa bila kuhesabu: jiwe au fimbo mkononi, wengi dhidi ya mmoja, mkubwa wa miaka mitatu minne zaidi akimwamuru mdogo, na mchezo wowote wa kificho unaohusu kuvuana nguo au kushikana sehemu za siri. Hilo la mwisho tulizungumze bila haya. Watoto wa miaka minne wanaochunguliana kwa udadisi wanahitaji kuelekezwa kwa utulivu na kuhamishiwa kwenye mchezo mwingine. Ila palipo na mkubwa na mdogo, vitisho, zawadi, au "usimwambie mama", hapo si mchezo tena. Mdogo usimpige wala usimfokee. Msikilize, halafu nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni ya bure.

Ukitoka kwa ugomvi wa kawaida, usiulize nani kaanza. Kila mtoto ana jibu la swali hilo na majibu hayalingani. Uliza, "Mnamalizaje?" Kisha nyamaza kweli. Hapo kwetu niliwahi kusikia suluhisho ambalo nisingelifikiria hata kwa siku tatu: aliyeiba gololi airudishe, halafu awe mwokota mpira mpaka jua lizame, "lakini kesho tusimwambie tena."

Hatua ya tano: mtoto mgeni

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji wetu umejaa watoto walioacha marafiki Dar es Salaam, Arusha na kwingine. Sisi tulihama mwaka 2018. Kijana wangu alikuwa na miaka minane, mwepesi wa mpira, mwepesi wa maneno. Kwa majuma matatu alirudi ndani kila jioni baada ya robo saa. Nilidhani wenyeji wanamtenga. Siku moja nikakaa kusikiliza. Alifika katikati ya kombolela akasema, "Sisi Dar hatuchezi hivi, njooni niwaonyeshe."

Mwaka 1981 watafiti wawili, Martha Putallaz na John Gottman, walitazama watoto wakijaribu kuingia kwenye mchezo ulioanza. Wanaokataliwa na wenzao ndio walikuwa wepesi wa kujisema wenyewe, kutoa maoni na kuugeuza mchezo uwaelekee wao. Wanaopendwa walisoma kwanza kinachoendelea, wakaingia kwa kufanana nacho.

Hilo linafundishika. Nilimfundisha mwanangu hivi, na tuliigiza sebuleni mimi nikiwa kundi. Simama karibu, tazama mzunguko mmoja mzima. Jua mchezo unaitwaje hapa, siyo kwenu. Mpira ukitoka, uokote urudishe bila kuupiga mwenyewe. Mtu akiitwa nyumbani nafasi imepatikana, sema tu, "Niingie upande wake?" Usiseme neno Dar kwa wiki mbili. Jirani yetu mzee Mgogo naye akamwongezea la kwake: kwa bibi wa rafiki yako ukifika, acha habari za "mambo", sema "mbukwa", salamu ya Kigogo. Hilo lilimfungulia milango miwili na bakuli la ubuyu.

Kama tatizo ni kundi zima kwa kundi, watoto wa nyumba mpya upande mmoja na watoto wa wenyeji upande mwingine, usifanye kosa la kuandaa bethidei ukidhani keki itawapatanisha. Mwaka 1954 Muzafer Sherif na wenzake waliwaweka wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 kwenye kambi huko Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa zawadi. Haikupita muda wakawa wanatukanana na kuvamiana mabwenini. Kuwakutanisha kwenye chakula kuliongeza ugomvi, wakarushiana vyakula. Kilichowapoza ni shida za pamoja zilizopangwa makusudi: maji ya kambi yalikatika, na ilibidi wote watafute kasoro.

Nani asiyejua maji kukatika? Wape kazi ambayo upande mmoja hauiwezi peke yake. Sisi tulikuwa na miche ya miti kumi na miwili na bomba moja mbali. Timu za kupokezana ndoo zilichanganywa kwa makusudi. Miche saba imepona, ambayo kwa Dodoma si haba, na mstari kati ya watoto wa huku na wa kule ukafutika wenyewe.

Hatua ya sita: anayetengwa

Mkimya si lazima awe mpweke. Mtoto mwenye rafiki mmoja wa kweli yuko salama, hata kama haalikwi popote. Wasiwasi uanze pale anapoumwa tumbo kila Jumapili usiku, vitu vyake vinapotea, anabadili njia ya kwenda shule, au anarudi na njaa huku hela ya kula imekwenda.

Usikimbilie kwa mzazi wa mtoto mwingine ukiwa na hasira, mtakuwa watu wazima wawili mnaogombana na watoto wamekaa wanatazama. Anza na mwalimu wa darasa, na uende na ombi dogo linalotekelezeka: abadilishiwe dawati akae na mtoto mpole, wapewe kazi ya pamoja, kama kufuta ubao au kugawa madaftari. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumlinda mmoja siku nzima, ila dawati anaweza kulibadilisha asubuhi hiyo hiyo. Kisha mwalike mtoto huyo mpole nyumbani Jumamosi, kwa muda wa saa mbili tu, na kuwe na jambo la kufanya. Wawili hujenga urafiki wakiwa na mikono michafu.

Faida nyingine ya dawati hilo: watoto hufundishana. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, aliandika kwamba kuna mambo mtoto hayawezi peke yake lakini anayaweza akisaidiwa na mkubwa au mwenzake anayejua zaidi kidogo. Huo "zaidi kidogo" ndio utamu wake. Aliyeelewa kugawanya jana bado anakumbuka alikokwama.

Hatua ya saba: kundi linalokutia hofu

Sasa kosa langu. Kijana alipofika darasa la sita alishikamana na mtoto mmoja wa mtaa wa chini aliyeacha kwenda shule mara kwa mara, mwenye maneno makali. Nilimpiga marufuku. Nilijisifia kwa miezi miwili. Kisha jirani akanipigia: "Dada, mwanao kila siku yuko korongoni na yule kijana." Mimi ndiye niliyewapeleka korongoni. Walikuwa wakicheza mbele ya dirisha langu, nikawahamishia mahali ambapo hakuna dirisha la mtu.

Nilichofanya baadaye ndicho ningefanya mwanzo. Nilimwita yule mtoto ale. Alisimama mlangoni, "Shikamoo mama," kwa sauti ndogo kabisa. Ilibainika anaacha shule siku za mnada, anamsaidia mama yake kuuza. Maneno makali yalikuwa ya mnadani.

Si kila hadithi inaisha hivyo, na balehe huongeza hatari hata kwa watoto wazuri. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio la mchezo wa gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 wakitazamwa na wenzao walijihatarisha karibu mara mbili ya walipokuwa peke yao. Watu wazima kuanzia miaka 24 hawakubadilika. Maana yake kijana wako anayeamua kwa busara sebuleni si mwongo. Akiwa na wenzake wanne, kichwa chake kinapima mambo kwa mizani nyingine. Usimtegemee awe na busara wakati huo, mpangie mazingira: saa ya kurudi, njia isiyopita kwenye vibanda umiza vya video na mashine za kamari za dubwi, na hela kidogo mfukoni.

Mpe na kisingizio. Kijana hawezi kuwaambia wenzake "naogopa", lakini anaweza kusema "mama yangu mnamjua". Mimi nimekubali kuwa mkali kwenye hadithi zake zote. Pia tuna neno letu: akinipigia na kuuliza kama nimelisha kuku, namwambia arudi mara moja, kwa sauti ya juu ili wasikie. Hatuna kuku.

Kutenganisha kabisa nimeweka kwa hali tatu: wizi, dawa za kulevya au bangi, na mtu mzima anayezunguka na watoto akiwapa hela, lifti au simu. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi, na usibaki nayo peke yako. Mpigie mjumbe, mpigie 116.

Kuhusu makundi ya simu, nitakuwa mfupi: simu ilale sebuleni saa mbili usiku, na mwenye kundi la WhatsApp awe mtoto unayemjua kwao.

Kundi linapovunjika

Matokeo ya darasa la saba huwatawanya: huyu bweni Mpwapwa, yule kutwa hapa hapa, mwingine hakuchaguliwa na anaona aibu kuja. Wazazi tunahangaika na tranka, ndoo na godoro, tunasahau kwamba mtoto anapoteza watu aliokua nao. Wape jioni moja ya mwisho uwanjani, na umwite hasa yule anayejificha. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo nunua bahasha, andika anwani ya shule juu yake kabla hajaondoka, na uziache kwa wanaobaki.

Mwanangu alipata barua ya kwanza Machi. Kurasa tatu, mwandiko wa yule mtoto wa mnadani, na ndani yake hakuna hata salamu ndefu: matokeo ya chandimu zote za Nzuguni tangu Januari, nani kafunga, nani kaumia goti, na goli moja ambalo bado wanalibishania.